Kujijua au Kujipamba?

Mtoto wa Gredi ya 7 akiambiwa aandike “Mimi ni nani?”, aghalabu haandiki alivyo, bali huandika ampendezayo mwalimu: kwamba apenda kusoma, asaidia wazee, hasemi uwongo. Hupewa alama nzuri, akafunga daftari. Je, amefunzwa kujijua, au kujipamba?

Sisi hatuoni kuwa kosa ni la mtoto. Kalamu nyekundu yafaa kusahihisha herufi. Haifai kupimia moyo. Mwana Kupona, mnamo mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alimtungia bintiye wasia wa yale aliyoyaona yana thamani ya kumwachia. Basi mtoto naye na amwandikie mdogo wake jambo moja ambalo hataki kuliacha ijapokuwa wenziwe wamcheka. Kisha aitaje siku lilipomshinda. Mwalimu aisome karatasi hiyo kama amana, asiitangaze, ila ikiwa pana dhara la kumwokoa mtoto.

Huenda sisi wazee tukasoma yasiyotupendeza. Na tuyavumilie, kwani asiyeweza kusema kweli ya nafsi yake mbele ya karatasi, ataisema mbele ya nani?