Linki ya Bure na Mali ya Watu

KILA Jumamosi jioni, ukipita Kashai, Hamugembe au Bilele hapa Bukoba, utasikia kelele za aina mbili. Za kwanza zinatoka vibandani, vile tunavyoviita vibanda umiza, ambako watu wamelipa kiingilio na kubanana kwenye mabenchi kuangalia ligi ya Uingereza. Za pili zinatoka vibarazani, ambako vijana watano au sita wameinamia simu moja. Hawa wa pili huchelewa kushangilia. Banda zima limekwisha kupiga kelele za goli, kwao mpira bado uko katikati ya uwanja, maana wanaangalia kwa linki, na linki huja nyuma kwa nusu dakika au zaidi.

Hawa wa simu hawalipi king'amuzi wala kiingilio. Wanalipa bando tu. Linki wanatumiwa na rafiki kwa WhatsApp au Telegram, na mechi moja ikikatika wanatafuta nyingine. Ukienda Muleba mjini, Nshamba au Kamachumu mambo ni hayo hayo.

Mimi nafundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu, na swali hili naletewa na vijana mara nyingi kuliko la riba au mirathi: "Ustadhi, kuangalia mpira kwa linki bila kulipia king'amuzi kuna ubaya gani?" Wengine wanauliza huku wakicheka. Nadhani hata hivyo wanastahili kujibiwa kwa hoja. Kusema haramu na kufunga kitabu ni kazi nyepesi, na kijana ataondoka na simu yake kama alivyokuja.

Tuanze na hoja yao yenye nguvu zaidi, kwamba hakuna aliyepungukiwa. Ukikata mkungu wa ndizi kwenye kibanja cha mtu, mkungu umeondoka, mwenyewe hana tena. Lakini ukiangalia mechi kwa linki, kampuni iliyoirusha bado inayo mechi yake, na aliyelipia bado anaiona. Hoja hii si ya kijinga. Mafakihi wetu wa zamani waliandika kwamba mtu hahitaji idhini kukaa kwenye kivuli cha ukuta wa jirani, wala kuona njia kwa mwanga wa taa ya jirani, kwa sababu mwenye ukuta na mwenye taa hawapungukiwi kitu. Kijana mmoja mwerevu aliwahi kunikabili kwa mfano huo huo, akanitaka nimwambie tofauti iko wapi.

Tofauti ni kwamba jirani hakujenga ukuta ili auze kivuli. Alijenga ukuta wa nyumba, kivuli kikaanguka nje chenyewe. Mechi hairushwi hivyo. Kuna kamera, mafundi, magari ya kurushia matangazo na satelaiti, na juu ya hayo kuna fedha zilizolipwa kwa wenye ligi ili kupata haki ya kuonyesha. Kinachouzwa hapo ni kule kuangalia kwenyewe. Mfano unaofanana ni wa nyumba ya wageni. Mtu akiingia usiku kwa dirishani, akalala chumba kilichokuwa kitupu, akatoka alfajiri na kutandika kitanda vizuri, mwenye nyumba atakuta mashuka yote yapo. Nani kati yetu atasema hakuchukua kitu?

Alichochukua mgeni huyo mafakihi wanakiita manfaa. Katika madhhab ya Imam Shafi, ambayo wengi wetu huku tunaifuata, na vile vile kwa Malik na Hanbali, manfaa ni mali. Ndiyo maana nyumba inapangishwa. Mpangaji hanunui tofali, ananunua kukaa. Wanazuoni wa Kihanafi wa zamani walikuwa na maoni mengine juu ya manfaa, na zama zile hapakuwa na satelaiti. Lakini mwezi Desemba 1988 Majmaa ya Fiqhi iliyo chini ya Jumuiya ya nchi za Kiislamu (OIC) ilikutana Kuwait, ikapitisha azimio kwamba jina la biashara, utunzi wa vitabu na ugunduzi ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali katika zama zetu, na haijuzu kuziingilia. Azimio lile halikutaja mpira. Hata hivyo anayejua qiyasi ataona kuwa safari kutoka kitabu hadi matangazo ya televisheni ni fupi. Sheria ya nchi nayo, ile ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inamlinda mrusha matangazo pamoja na mtunzi.

Hoja ya pili ina hasira ndani yake. Kampuni hizi, wanasema, zinatunyonya. Unalipia mwezi mzima, umeme unakatika, siku zinahesabika. Mechi unayoitaka imewekwa kwenye kifurushi cha juu pamoja na chaneli lukuki usizozitaka. Sikatai. Na wenye umri wa kukumbuka wanaikumbuka GTV, iliyoingia Afrika Mashariki mwaka 2007 na ligi ya Uingereza mkononi, watu wakanunua madishi na ving'amuzi, na mwishoni mwa Januari 2009 ikafilisika na skrini zikazimika. Waliokuwa wamelipia mbele wakabaki na mabati juu ya paa.

Sasa tulinganishe na jambo tunalolijua vizuri zaidi sisi watu wa Kagera, nalo ni kahawa. Mkulima wa Muleba anapoona bei ya hapa ni dhulma huvusha magunia yake usiku kwenda Uganda. Serikali inaita magendo. Mkulima naye anasema anakimbia kunyonywa. Mtu anaweza kubishana naye juu ya utii kwa utaratibu wa nchi, lakini walau kahawa ile ni yake, ameilima yeye. Mwenye linki anakopa hasira ya mkulima bila kuwa na gunia. Bei ikiwa kubwa inakupa haki ya kutonunua, ya kulalamika TCRA au Tume ya Ushindani, ya kuhamia kwa mshindani. Haikupi haki ya kuchukua. Na tumeijua dhulma ya kweli ya bei hapa kwetu: ni butura, pale mwenye fedha anaponunua kahawa ya mwenye shida ingali maua mtini. Sisi maustadhi tunasimama kwenye mimbari kuipinga kwa hadithi ya Mtume (S.A.W) iliyokataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kupevuka. Mnyonge wa butura ana mtoto wa kupeleka shule au mgonjwa wa kupeleka Rubya hospitali. Mnyonge wa linki amekosa Arsenal.

Hapo ndipo neno dharura linapokosa mahali. Nikiulizwa juu ya mwanafunzi wa chuo anayetoa fotokopi ya kitabu kisichopatikana Bukoba nzima, nitasita, na nitamwambia wanazuoni wa zama hizi wana mjadala mrefu kuhusu haja ya elimu. Kwa mpira sioni cha kusita. Mechi ni burudani. Ikikupita, hujapata madhara yoyote.

Ipo hoja ya tatu ambayo husemwa kwa sauti ya chini: hii ni mali ya makafiri, ina heshima gani? Anayesema hivyo aisome tena Hijra. Maquraishi walikuwa wamekwisha kupanga kumuua Mtume (S.A.W), na bado alimwacha Ali (R.A) Makka ili arudishe amana zao, za watu wale wale. Kama mali ya adui anayekuwinda ina heshima, ya mfanyabiashara wa Afrika Kusini au Ufaransa je? Na isitoshe, ligi yetu wenyewe inarushwa na Azam, kampuni ya familia ya Kiislamu. Hoja ya makafiri haina hata pa kusimama hapo, lakini linki za ligi ya nyumbani zinaangaliwa kwa moyo ule ule.

Na hapa jambo linatugusa karibu. Mwezi Mei 2021 Shirikisho la Mpira, TFF, lilisaini na Azam Media mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6 kwa haki ya kuonyesha Ligi Kuu. Fedha hizo zinafika hadi kwenye vilabu. Kagera Sugar, timu inayochezea Kaitaba, ilikuwa miongoni mwa waliokula kwenye sahani hiyo mpaka iliposhuka daraja mwishoni mwa msimu wa 2024/25. Sisemi ilishuka kwa sababu ya linki, huo utakuwa uzushi. Ninachosema ni kwamba anayejiita mpenzi wa Kagera Sugar, asiyekata tiketi ya Kaitaba wala kulipia king'amuzi, upenzi wake haujawahi kumnunulia mchezaji hata soksi.

Wala tusidhani huu ni udhaifu wa masikini peke yao. Kati ya 2017 na 2019, wakati Saudi Arabia na Qatar zimekata uhusiano, ilizuka chaneli iliyoitwa beoutQ, ikawa inachukua matangazo ya beIN ya Qatar na kuyarusha kama yake, Kombe la Dunia la 2018 likiwamo. Saudi Arabia ilikanusha kuhusika. Mwezi Juni 2020 jopo la Shirika la Biashara Duniani likaamua kuwa nchi hiyo ilikiuka wajibu wake kwa kutowachukulia hatua za jinai wahusika. Nchi mbili za Kiislamu zikapelekana Geneva kuamuliwa suala la mali ya mtu. Inasikitisha, maana jibu lake lilikuwa tayari katika Surat an-Nisaa, aya ya 29, inayokataza kula mali za watu kwa batili.

Lakini liko jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo, na sijasikia likisemwa sana misikitini. Linki ya bure nani anailipia? Mitambo ya kuirusha ina gharama, na mwenye nayo hatoi sadaka. Fungua ukurasa wowote wa namna hiyo uangalie kinachoruka mbele yako kabla mpira haujaonekana: matangazo ya kubeti, picha za wanawake waliovua nguo, na vitufe vya uongo vinavyotaka kuingiza programu kwenye simu yako. Kamari ndiyo mwenyeji wa karamu nyingi za namna hii. Kijana wetu aliyekwepa kumlipa mwenye haki ameketi kwenye jamvi la mwenye maysir, ile iliyotajwa pamoja na ulevi katika Surat al-Maida, aya ya 90, na kila goli linakuja na tangazo la mkeka. Wazazi wanaolalamika kuwa watoto wamejifunzia wapi kubeti wanaweza kuanzia uchunguzi hapo. (Suala la mechi za saa 12 jioni, ambazo kipindi chake cha pili kinakula Maghrib, naliacha kwa wiki nyingine.)

Nao wenye mabanda wasikae pembeni wakichekelea. Mabanda mengi yanaendeshwa kwa kadi ya nyumbani. Mtu analipia kifurushi cha familia, anakipeleka kwenye banda la watu mia, anatoza shilingi mia tano au elfu moja kwa kichwa. Mkataba aliousaini unasema ni kwa matumizi ya nyumbani, na kampuni zina kifurushi kingine kwa ajili ya biashara. Waislamu wako juu ya masharti yao waliyokubaliana, hilo tumelifundisha tangu madrasa. Huyu si sawa na yule wa simu, kwa sababu anauza asichokuwa nacho, na namuona ni mwenye kosa kubwa zaidi ingawa mtaani ndiye anayeonekana amelipa. Mtazamaji aliyetoa kiingilio bila kujua sina la kumlaumu. Anayejua ajipime kwa ile hadithi ya Nawwas bin Samaan iliyomo katika Sahihi Muslim, inayoitambua dhambi kwa kukwaruza kifuani na kwa kuchukia kwako watu wasiione.

Nini kifanyike basi? Kabla ya simu, wazee wetu wa Kamachumu walikusanyika kwenye redio ya mwenye redio. Vijana watano wanaolipa bando kila mmoja wakichanga, wanafikia bei ya kifurushi kimoja, wakakaa sebuleni kwa mmoja wao kama wageni wake. Hiyo ni matumizi ya nyumbani na hakuna anayekatazwa. Aliyeshindwa hata hilo, redio ipo.

Mwenye banda aliyezoea kadi ya nyumbani aende kwa wakala aulize bei ya kifurushi cha biashara, aweke kiingilio kinachoendana nayo. Nimeambiwa na mmoja wao, wa Muleba, kuwa akifanya hivyo atafunga kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu jirani yake hatafanya. Malalamiko yake yana uzito, na hapo kampuni nazo zina la kujibu. Zipo zinazouza vifurushi vya siku na vya wiki, StarTimes ikiwa mojawapo, na hiyo ni nafuu. Lakini mechi ambayo banda la Nshamba linaitaka mara nyingi iko kwenye kifurushi cha juu cha mwezi mzima. Banda lile lina mabenchi kumi na linafunguliwa siku mbili kwa wiki. Auziwe siku hizo mbili, kwa bei inayolingana na mabenchi yake, halafu ndipo aulizwe kwa nini anatumia kadi ya nyumbani.