Wanangu Mnaokwenda Melini

Nimesikia watatu kati yenu mmepata kazi melini. Hongereni. Mmeshaulizana mishahara na bandari mtakazopita. Habari ya meli Khedive Ismail hakuna aliyeniuliza, basi nitawapa bila kuulizwa.

Meli hiyo iliondoka hapa hapa Kilindini Februari 1944, katika msafara wa kwenda Colombo, na watu 1,511. Wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, vijana wa rika lenu. Majina yao yamo kwenye mnara katika Makaburi ya Vita ya Nairobi. Walikuwamo pia wauguzi wanawake. Jumamosi tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, abiria wengi walikuwa ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani, I-27, ikaipiga kwa torpedo mbili. Meli ilizama kwa kiasi cha dakika mbili. Waliopona ni 214.

Dakika mbili hazitoshi hata kutafuta viatu. Na ngazi ya meli iliyolala ubavu haipandiki.

Yaliyofuata ndiyo yanayonikosesha usingizi. Nyambizi ilijificha chini ya hao hao waliokuwa wakielea. Paladin, manowari iliyolinda msafara, ikawa inaokoa watu. Mwenzake Petard ikaja kutupa mabomu ya kulipukia ndani ya maji, na watu wangali humo. Waliosalimika na torpedo, wengine wakafa kwa mabomu ya upande wao. Lakini msafarani kulikuwa na meli nne zaidi zilizojaa askari, na adui angeweza kuzirudia. Nyambizi ilizamishwa siku hiyo hiyo. Mimi nahodha wa Petard simlaumu, wala kumsifu ulimi haunipi. Anayetoa hukumu barazani, kikombe cha kahawa mkononi, namsikiliza kwa adabu tu.

Siku hizi huenda msikutane na nyambizi, lakini moto na mwamba viko pale pale. Basi ukionyeshwa chumba chako, usitandike kwanza. Tembea kutoka kitandani hadi sitahani, kisha rudia usiku, umefumba macho, ukipapasa ukuta na kuhesabu milango. Zijue kamba za jaketi yako ya kuokolea. Wenzio watakucheka, waache wacheke. Na king'ora cha mazoezi kikilia, usijifungie msalani kama nilivyoona wengi wakifanya. Panda na jaketi yako, hata kama umetoka zamu sasa hivi.