Neno Lililosemwa kwa Wachache

Sisi tunaofanya kazi kati ya Likuni na Dzaleka tunazungumza kwa maandishi kuliko kwa mdomo. Kutoka Likuni, huku pembezoni mwa Lilongwe, hadi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, katika Wilaya ya Dowa nchini Malawi, ni safari ya kilomita zipatazo 50, na usafiri haupatikani kila siku. Timu hukutana kwenye simu: wengine WhatsApp, wengine Slack, ambako kila shughuli ina chaneli yake. Humo tunaulizana gari linaondoka saa ngapi, mgao umeahirishwa hadi lini, mtoto yupi amerudi shule. Miaka ikipita, gumzo linakuwa na kumbukumbu nyingi kuliko kabati la mafaili.

Siku hizi kila shirika, hata dogo, linashawishiwa kuliunganisha gumzo lake na chombo cha kutafutia kinachoendeshwa kwa akili mnemba. Unauliza kwa maneno yako mwenyewe, nacho kinapitia kila kilichoandikwa na kukupa jibu kwa muhtasari. Naomba tulitafakari jambo hili bila haraka, kwa kuwa limebeba swali lililokuwepo kabla ya kompyuta: mtu akikusimulia habari zake, wewe umepewa uwezo gani juu yake?

Faida yake ni kubwa, na anayeidharau hajakaa na wakimbizi. Mkimbizi huombwa kusimulia maisha yake tena na tena. Husimulia anapoandikishwa, anapohojiwa kuhusu hadhi yake, anapofika kliniki, na kila afisa mpya anaposhika kiti. Yapo mambo ambayo kuyataja mara moja tu humnyima mtu usingizi. Afisa mgeni akiweza kujua kwamba mama fulani aliahidiwa jibu mwezi uliopita, asimrudishe mwanzo wa simulizi, amemheshimu. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ikakusudiwa watu 10,000 hadi 12,000. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Katika umati kama huo ni rahisi sana mtu kusahauliwa, na chombo chenye kumbukumbu kinaweza kumfaa mnyonge.

Lakini tutazame namna muunganisho unavyofanyika. Msimamizi wa mfumo hufungua mipangilio, akaletewa orodha ya ruhusa: kusoma chaneli za wazi, kusoma za faragha, kufungua mafaili, kuona majina ya watumiaji. Anabonyeza kukubali, na chombo kinaanza kusoma. Vipo vyombo vinavyochukua nakala ya ujumbe wote, vikaugawa vipande vidogo na kukigeuza kila kipande kuwa tarakimu zinazobeba maana yake. Ndiyo sababu ukiuliza habari za familia zenye njaa unaweza kuletewa ujumbe ambao hautaji njaa popote. Vingine haviweki nakala. Huuliza upya kila unapotafuta. Mwaka 2025 Slack ilibadili masharti yake na kuzuia programu za nje kuhifadhi ujumbe wa wateja kwa wingi. Watengenezaji hutuhakikishia pia kwamba usichoruhusiwa kukisoma kwenye gumzo, chombo nacho hakitakuonyesha.

Uhakikisho huo haunitoshi, kwa sababu ruhusa za magumzo yetu hazikupangwa kwa kuitazamia siku hii. Chaneli nyingi ziko wazi kwa kila mfanyakazi kwa kuwa ilikuwa rahisi kuziacha hivyo. Ujumbe wa miaka mitatu iliyopita haukulindwa na kufuli lolote. Ulilindwa na uvivu wetu wa kurudi nyuma kwenye gumzo hadi ulipo. Uvivu ule ulikuwa ukuta, na chombo hiki kinaubomoa kwa siku moja.

Hapa Malawi kubomoka kwake kunaweza kumgharimu mtu uhuru wake. Sera ya serikali inawataka wakimbizi waishi kambini. Mwaka 2023 walioko mijini waliamriwa kurudi Dzaleka, na mwezi Mei mwaka huo polisi wakawakusanya watu jijini Lilongwe, watoto wakiwemo. Katika nchi yenye historia hiyo, kusema tu mtu anaishi wapi ni kusema jambo zito. Mfanyakazi mmoja anaandika kwamba fundi cherehani tuliyemsaidia sasa yuko Likuni. Mwingine, mwezi mwingine, anataja kanisa analosali. Wa tatu anaweka namba ya simu ili mwenzake ampigie. Hakuna kati yao aliyemfichua mtu. Anayekiuliza chombo swali moja ndiye anayeletewa mtu kamili: jina, mtaa, kanisa na simu.

Muhtasari nao una hatari zake. Mwenzetu aliandika, "Nasikia labda wamehama." Jibu linaweza kuja bila "nasikia" na bila "labda," na familia ikahesabiwa kuwa haipo. Magumzo yetu yanachanganya Kiswahili cha Kongo, Kichewa, Kifaransa na Kinyarwanda, wakati mwingine katika sentensi moja, na vyombo hivi vimelishwa maandishi machache mno ya lugha zetu za Kiafrika. Kosa la namna hiyo huja limevaa sauti ya uhakika, na anayelibeba ni yule ambaye hana mahali pa kulikatia rufaa.

Tusijidanganye pia kwamba nia njema ni kinga. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba wadukuzi wameingia katika seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na ndugu zao kwa vita na uhamaji. Ikiwa taasisi kongwe kama ile iliweza kuvamiwa, shirika dogo linaloongeza mlango mmoja zaidi wa kuingilia habari za watu lina wajibu wa kujiuliza nani mwingine atapita humo.

Malawi ina Sheria ya Kulinda Data tangu mwaka 2024, na ni vyema kuifuata. Hata hivyo ridhaa ni mojawapo ya misingi ya sheria kama hiyo, na ridhaa ya mtu anayehitaji chakula au kitambulisho ni ridhaa dhaifu. Akiulizwa "unakubali?" atakubali, kwa kuwa anaona kukataa kunaweza kumnyima huduma. Kwa hiyo kujizuia ni wajibu wetu sisi tuliopokea neno lake. Yeye hana nguvu ya kutuzuia.

Maoni yangu ni haya. Ziunganishwe chaneli za kazi yetu wenyewe: ratiba, magari, ununuzi, taratibu za ofisi, na hasa ahadi tulizotoa na tarehe zake. Chaneli zinazotaja watu na matatizo yao zibaki nje, na habari zao zihamishiwe kwenye majalada ambayo kila anayeyafungua anajulikana. Kabla ya muunganisho wowote, wafanyakazi waelezwe na wapewe muda wa kusafisha walichoandika wakidhani wanasomwa na wenzao wachache. Viongozi wa jumuiya za Dzaleka nao waketi nasi, waelezwe kwa Kiswahili chepesi kitakachosomwa na kitakachoachwa, na neno lao la kukataa liheshimiwe. Na jibu la chombo lisiamue jambo la mtu yeyote mpaka mfanyakazi asome ujumbe wenyewe na kuzungumza na mhusika.

Wapo watakaosema hatua hizi zitapunguza kasi. Ni kweli, baadhi ya majibu yatachelewa. Ila kasi tunayoitafuta ina upande: ikimfikisha mkimbizi haraka kwenye haki aliyoahidiwa, tuikumbatie, ikimfikisha mgeni haraka kwenye maisha ya mkimbizi, tuikatae. Shirika linalostahili kuaminiwa hukumbuka kwa bidii lile lililoahidi, na hutumia kwa uchache lile lililoambiwa. Tukianza na ahadi zetu, tutakuwa tumekipa chombo hiki kazi ya kutosha kwa miaka mingi.