Bei ya Kombora

Lugha yetu haina makuu katika jambo hili. Chuma kinachotoka kwenye mzinga wa meli tunakiita kombora, na kile kinachojiongoza chenyewe angani hadi kwenye shabaha nacho tunakiita kombora. Tofauti iko kwenye bei. Kombora moja la kisasa la Kimarekani la mtambo wa Patriot, la kutungulia makombora mengine, hupita dola milioni 3, nalo likisharushwa limekwisha. Sisi watu wa Mafia hayo hatujayaona. Ya namna ya kwanza tuliwahi kuishi jirani nayo.

Mwezi Januari 1915 Waingereza waliwanyang'anya Wajerumani kisiwa hiki kwa sababu ya meli moja tu, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji ng'ambo yetu. Wakatengeneza hapa kiwanja cha ndege, kisha wakaleta meli mbili zenye tumbo bapa, Severn na Mersey, ziwezazo kupita penye kina kifupi. Hizo hazikuundwa kwa ajili ya Rufiji. Brazil ndiyo iliyoziagiza Uingereza kwa ajili ya mito yake, ikashindwa kuzilipia; vita vilipozuka mwaka 1914 Uingereza yenyewe ikazinunua. Tarehe 6 Julai 1915 zilifyatua mamia ya makombora bila kummaliza adui. Tarehe 11 zikarudi, ndege ikiwaonyesha wapigaji mahali makombora yanapoangukia, na Königsberg ikawa imekwisha. (Mizinga yake 10 iliopolewa ikaendelea kupigana nchi kavu, lakini hayo tuyaache.)

Tazama, msomaji, biashara hiyo ilivyokwenda. Mnunuzi wa kwanza aliagiza kupita uwezo wa mfuko wake, lakini mali haikuoza dukani, mwingine akaichukua. Muuzaji wa namna hiyo ana sababu gani ya kumwambia mteja maskini, "Ndugu yangu, hiki hukihitaji"?

Mtu wa Jibondo anayeagiza jahazi huenda mwenyewe kwa fundi. Huuliza mbao zimetoka mti gani, hugonga kwa kifundo cha kidole, hutazama kalafati, kisha husema bei ya fundi mwingine hata kama fundi huyo hayupo. Mnunuzi wa silaha hana soko la namna hiyo. Wauzaji ni wachache, katikati yao amekaa dalali, na juu ya mkataba pameandikwa neno "siri". Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tanzania tuliuziwa. Rada iliyoundwa na kampuni ya BAE ilitugharimu pauni milioni 28, fedha za mkopo wa benki, na Uingereza ikaitolea kibali Desemba 2001, mwezi mmoja tu baada ya nchi yetu kufikia hatua ya kusamehewa madeni kwa sababu ya umaskini. Benki ya Dunia iliomba shirika la kimataifa la usafiri wa anga liichunguze. Jibu likawa kwamba ni ghali mno na haitoshelezi kazi ya ndege za kiraia. Clare Short, waziri wa huko huko Uingereza, aliipinga. Ikanunuliwa. Mwaka 2010 BAE ilikiri mbele ya mahakama ya London kosa la kutoweka hesabu sawasawa kuhusu malipo ya mauzo hayo, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa ajili ya wananchi. Vitabu na madawati ya shule za msingi vikanunuliwa, watu wakaziita fedha hizo "chenji ya rada".

Jina hilo lachekesha, lakini linauma. Mwenye kudai chenji ni yule aliyejua bei kabla ya kutoa noti yake.

Naamini siri ya silaha ina mpaka. Mahali ilipowekwa, umbali inaofika, udhaifu wake, hayo ni ya jeshi, na raia mwema hayaulizi. Bei na jina la dalali viko nje ya mpaka huo. Nikiambiwa kwamba adui akijua bei atakadiria nguvu zetu, nitajibu kwamba adui anaweza kumuuliza muuzaji, maana huenda naye ni mteja wake.

Nakubali kuna saa ambayo mtu haulizi. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera, hakuna aliyekaa kupatana bei, na sisi tuliopanga foleni za sabuni na sukari miaka iliyofuata tulijua angalau tunalipia nini. Rada haikununuliwa katika saa kama hiyo. Palikuwa na miezi ya kutosha ya kukaa na kuuliza, na sauti zilizosikika sana zikiuliza zilikuwa za wageni.