Usisaini Leo

Wakikuita ofisini Ijumaa saa tisa alasiri, wakakukalisha mbele ya afisa utumishi na meneja ambaye hata jina lako la pili halijui, wakakusogezea karatasi tatu za Kiingereza na kalamu juu yake, chukua karatasi, kalamu iache. Sema kwa adabu: "Nimeipokea, bosi. Naomba nikaisome, nitarudi na jibu." Wakitaka saini ya kuthibitisha kwamba umepokea, andika kwa mkono wako mwenyewe "Nimepokea, sijakubali", weka tarehe, dai nakala, shika njia. Hakuna sheria ya Tanzania inayomlazimisha mfanyakazi kukubali papo hapo makubaliano ya kuachana na mwajiri wake.

Nasema na wewe wa Mkolani, hapa Mwanza. Wewe unayepanda daladala kabla jua halijachomoza kwenda kiwanda cha samaki, ghala, hoteli, shule binafsi, ofisi ya shirika fulani mjini. Wewe wa zamu ya usiku getini. Na wewe wa migodini uliyejenga huku kwa sababu barabara ya Shinyanga inapita karibu na mlango. Nyumba imefika kwenye lenta, bati bado. Siku mshahara unapokatika fundi anaondoka, na ada ya shule haijui habari za kupunguzwa kazi. Hofu hiyo ndiyo inayokushika mkono ikakusainisha, na walioandaa zile karatasi wanaijua vizuri. Ijumaa alasiri haikuchaguliwa kwa bahati.

Tumelelewa na msemo: mwenye nguvu mpishe. Ushauri mzuri ukikutana na lori la mchanga pale Nyegezi. Kazini ni hasara tupu. Mama anayenunua dagaa Mwaloni Kirumba hajawahi kulipa bei ya kwanza. Atawageuza, atawanusa, atapiga hatua mbili kama anayeondoka, na bei itashuka. Mama huyohuyo akiachishwa kazi ya miaka tisa anakubali tarakimu ya kwanza aliyoandikiwa, tena anashukuru. Kwa nini? Gunia la dagaa lina thamani ya kubishaniwa kuliko miaka tisa ya mgongo wake?

Simama wima basi, usikilize sheria inasemaje. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamtaka mwajiri awe na mambo mawili kabla hajakuachisha kazi: sababu halali, na utaratibu wa haki. Mkifika kwenye shauri, ni yeye anayetakiwa kuthibitisha kwamba alikuachisha kihalali. Irudie sentensi hiyo mpaka ikuingie. Huendi pale kuomba huruma. Unakwenda kumsikiliza yeye akijieleza.

Akisema biashara imeshuka na anapunguza watu, sheria inamtaka atoe taarifa ya kusudio lake, aweke wazi habari zinazohusika, kisha ashauriane na chama chenu au nanyi wenyewe: punguzo ni la nini, linawezaje kuepukwa, nani ataondoka na kwa kigezo gani, lini, na kwa malipo gani. Mashauriano, si tangazo la ubaoni. Akisema umekosa, akuletee mashtaka, akupe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, akusikilize ukiwa na mwenzako au kiongozi wa chama. Kwa hiyo ile kauli ya "usiposaini tutakufukuza kwa utovu wa nidhamu" ijibu taratibu: "Sawa, nileteeni mashtaka." Wengi hunywea hapo. (Aliye chini ya miezi sita kazini ulinzi huu wa kuachishwa isivyo haki haumfikii, na mtumishi wa umma njia yake inaanzia Tume ya Utumishi wa Umma. Wengine twende.)

Sasa tuhesabu, maana mali bila daftari huisha bila habari. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, kwa aliyetimiza miezi 12 mfululizo, na hesabu inakomea miaka 10. Tuseme mshahara wako wa msingi ni shilingi 780,000 kwa mwezi na unafanya kazi siku 6 kwa wiki. Siku moja inakuja kama shilingi 30,000; siku saba, 210,000. Miaka 9 ni shilingi 1,890,000. Miaka 10 ni 2,100,000. Na aliyetumika miaka 22? Milioni mbili na laki moja hiyohiyo.

Ndogo, sivyo? Ndogo sana, na wengi wanakatia tamaa hapo. Mimi nakwambia amkia hapo. Sheria imesema kisipungue kiasi hicho; haikusema kisizidi. Wapo waajiri wanaolipa zaidi, ama kwa sababu mkataba wa hali bora unawabana, ama kwa sababu walikutana na mtu aliyekaa mezani bila kutetemeka.

Tena kiinua mgongo ni kipande kimoja tu. Kuna notisi, ambayo kwa anayelipwa kwa mwezi si chini ya siku 28, au ulipwe fedha badala yake. Kuna siku za likizo ulizozitumikia na hukuzichukua. Kuna mshahara wa siku ulizofanya kazi na zile saa za ziada walizokwambia "tutaangalia". Kama walikuajiri Bukoba wakakuleta Mwanza, kuna kukusafirisha wewe na mizigo yako kurudi ulikoajiriwa, na fedha za kujikimu unapousubiri usafiri huo. Kuna cheti cha utumishi. Na michango yako ya NSSF si zawadi ya mwajiri wala si sehemu ya kiinua mgongo. Ukiona karatasi imeichanganya humo ili jumla ionekane nene, jua unachezewa.

Hapa sasa ndipo palipo na kiini, na ningependa utulie hapo. Hizo zote nilizozitaja, kama zinakuhusu, unadai tayari. Unazidai usaini usisaini. Lakini mwisho wa ile karatasi ya Kiingereza kuna aya inayosema umepokea malipo ya mwisho na kamili na hutadai chochote tena, popote, milele. Mwajiri anaitaka aya hiyo kuliko kitu kingine chochote, maana inamnunulia usingizi. Kama karatasi inakupa stahiki zako za kisheria tu, basi ameinunua kwa shilingi sifuri. Amekulipa deni lako mwenyewe na kuchukua haki yako ya kushitaki kama nyongeza. Mwulize bila haya: "Aya hii mnanilipa kiasi gani?" Kutoka hapo ndipo mazungumzo yanaanza. Miezi mitatu ya mshahara juu ya stahiki? Sita? Bima ya afya iendelee mpaka mwisho wa mwaka? Mkopo wa kazini usamehewe? Barua nzuri ya utambulisho kwa mwajiri ajaye? Omba vingi, ujue moyoni usivyoweza kuviachia.

Na usiandike barua ya kujiuzulu ili kumpendezesha mtu. Wanaposema "andika umeacha mwenyewe, jina lako litabaki safi", wanachotaka ni kufuta notisi na kiinua mgongo kwa mwandiko wako. Sheria inamtambua mtu aliyelazimishwa kujiuzulu kuwa ni aliyeachishwa, ila kulithibitisha hilo ni kazi, na mwandiko ni wako.

Mwenye mkataba wa muda maalumu naye asijidharau. Januari 2025, Rais Donald Trump alipositisha misaada ya nje ya Marekani, miradi ya afya iliyotegemea fedha hizo hapa nchini ilitikisika na watu wa shahada zao walijikuta na barua mkononi kabla mikataba haijaisha. Wengi waliamini kwamba mfadhili akiondoka kila kitu kimekufa. Mwajiri wako ni aliyesaini mkataba wako. Mfadhili ana yake naye. Mahakama zetu zimewahi kuamuru mfanyakazi wa mkataba wa muda aliyekatizwa isivyo halali alipwe mishahara ya miezi iliyobaki. Swali hilo mpelekee wakili.

Kwa wakili, ndiyo. Najua unachowaza: wakili ni wa wenye fedha. Kwanza, kusomewa hati mara moja na kushauriwa si sawa na kuendeshewa kesi nzima; uliza bei ya kusoma hati tu, na mkikubaliana ada iandikeni. Pili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 ilitungwa kwa ajili ya asiyeweza kulipa: kuna mashirika yaliyosajiliwa na wasaidizi wa kisheria mitaani, na Chama cha Mawakili Tanganyika nacho kina utaratibu wa msaada. Tatu, kama unakatwa ada ya chama cha wafanyakazi kila mwezi, iwe TUICO au kingine, leo ndiyo siku ya kuwatoa jasho viongozi wako. Sheria inakuruhusu kuwakilishwa na wakili au na kiongozi wa chama chako. Ila vishoka waepuke. Hakikisha jina la wakili limo kwenye orodha ya Mahakama kabla hujampa senti.

Wakili mzuri hatakwambia "tutawakomesha". Atakuomba barua ya ajira, hati za mshahara za miezi ya karibuni, fomu za likizo, barua za onyo kama zipo, na ujumbe wa simu uliotumiwa na bosi. Huna mkataba wa maandishi? Usinyong'onyee, sheria ilimtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaleta kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye. Lugha nayo isikutishe. Tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama na vyombo vya utoaji haki. Waombe hati kwa Kiswahili. Wakikataa, kila neno lipitie kwa wakili kwanza.

Wapo waliojifunza uzito wa maneno ya hati kwa maisha yao. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watumishi wake walibaki na madai: wa reli, wa posta, wa bandari, wa ndege, na wa meli za Ziwa Victoria, ambalo Mwanza ni bandari yake kubwa upande wetu. Mwaka 1984 nchi tatu zilitia saini mkataba wa kugawana mali na madeni, na kila nchi ikabeba mafao ya raia wake. Wazee wetu walisubiri. Mwaka 2003 walikwenda Mahakama Kuu. Mwaka 2005 wakaafikiana na Serikali nje ya mahakama. Ungedhani hadithi iliishia hapo. Miaka kadhaa baada ya hati ile wazee wenye fimbo walikuwa bado wanabishana na Serikali Dar es Salaam juu ya nani amelipwa, kiasi gani, na kama hati imetekelezwa yote. Kwa hiyo unaposoma karatasi yako tafuta tarehe ya malipo, siyo "baada ya taratibu kukamilika". Tafuta kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, kabla ya kodi au baada. Tafuta akaunti gani, kwa mkupuo au kwa awamu, na awamu ikichelewa inakuwaje. Saini ifuate baada ya majibu.

Na usikae ukisubiri kama wao. Dai la kuachishwa isivyo haki linafunguliwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kazi, siku 60. Hapa wengi huangamia, kwa sababu mazungumzo matamu hayasimamishi siku. "Njoo wiki ijayo, mkurugenzi amesafiri." Unakwenda. "Mhasibu anaumwa." Unakwenda tena. Siku ya 31 mkurugenzi anarudi, mhasibu anapona, na wewe huna dai mpaka uombe kuongezewa muda kwa sababu nzito, na unaweza kukataliwa. Jaza Fomu Namba 1 mapema. Tume haitozi ada ya kufungua mgogoro, na kufungua hakukatazi kuendelea kuzungumza; hatua yenyewe ya kwanza pale ni usuluhishi. Nimeona mwajiri aliyekuwa hapokei simu akawa wa kwanza kufika kwenye kikao baada ya kupata wito wa Tume.

Mkiafikiana, yaandikeni palepale mbele ya msuluhishi. Makubaliano ya Tume yana nguvu ya kukazwa kama hukumu ya mahakama. Akikwepa kulipa, hurudi kuanza upya, unaomba yakazwe. Tofauti yake na karatasi ya ofisini ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, na mwajiri anayekusudia kulipa kweli hana sababu ya kuikataa.

Kwa hiyo leo jioni toa ile bahasha chini ya godoro. Hesabu miaka yako, zidisha kwa siku saba, andika siku za likizo, andika tarehe ya barua kwa kalamu nyekundu. Kesho tafuta wakili, chama, au msaidizi wa kisheria. Na kama ukihesabu unakuta leo ni siku ya 29, usimalize hata chai: chukua barua yako na kitambulisho, panda daladala ya mjini, waambie Tume umekuja kufungua mgogoro.