Khofu ya Mimbari

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu aliyemuumba mwanadamu akamfundisha kubainisha, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu, katika mji wetu huu wa Dar es Salaam yameenea maradhi ya kuogopa kusimama mbele ya watu na kunena. Utamwona mtu Kariakoo, tangu asubuhi hata magharibi, anapaza sauti juu ya bidhaa yake, wala hamwonei haya mnunuzi wala mpita njia. Kisha mtu huyo huyo akiambiwa arusini, "Tuombee dua, bwana," mikono humtetemeka na ulimi humkauka. Basi hakupungukiwa na sauti wala maneno. Sokoni huwatazama watu kwa haja yake, na hapa hujitazama nafsi yake kwa macho ya watu.

Na jambo hili si dogo kama lidhaniwavyo. Katika madhehebu yetu ya Imamu Shafi, khutba mbili ni sharti ya kusihi sala ya Ijumaa, nazo hutangulia sala. Fikirini basi: khatibu ameugua, na watu arubaini na zaidi wamekwisha kuketi, na miongoni mwao wamo waliohitimu Kurani na waliosoma vitabu vya fikihi, na kila mmoja amsukumia mwenziwe, huyu atazama chini, yule ajikohoza. Wakati ukipita kwa hali hiyo, Ijumaa imewapita, nao watasali adhuhuri. Na haikuwapita kwa ujinga, bali kwa haya iliyowekwa pasipo mahali pake.

Na nguzo za khutba ni chache kuliko khofu inavyozikuza. Kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumsalia Mtume, na kuusia ucha Mungu, haya matatu ni katika khutba zote mbili. Kisha aya ya Kurani katika mojawapo, na kuwaombea Waislamu dua katika ile ya pili. Mwenye kuyatimiza hayo kwa Kiarabu, naye ana udhu na sitara, akasimama, akaketi baina ya khutba mbili, na watu wakamsikia, khutba yake imesihi. Tena Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha ya kwamba mtu kurefusha sala na kufupisha khutba ni alama ya ufahamu wake. Basi ewe unayeogopa kuwa huna maneno mengi, uchache wako u karibu na sunna kuliko wingi unaouhusudu. (Na wako wasioogopa hata kidogo, nao ni mtihani mwingine kwa wasikilizaji, lakini leo hatuwasemi hao.)

Wala asidhani mtu kwamba khofu hii ni dalili ya udhaifu wa imani. Nabii Musa (A.S.) alipoamriwa kwenda kwa Firauni alimwomba Mola wake amkunjulie kifua, amsahilishie kazi yake, amfungue fundo la ulimi, watu wapate kufahamu neno lake, akamwomba na nduguye Haruni afuatane naye, kwani ulimi wake ni fasihi zaidi. Angalieni alivyotanguliza kifua kabla ya ulimi, na angalieni sababu aliyoitaja, kwamba wafahamu. Hakuomba ili wamsifu. Akapewa alichoomba, akaenda. Na imesimuliwa ya kwamba Sayyidna Uthmani, siku ya kwanza alipopanda mimbari naye ni khalifa, maneno yalimzuilia, akasema machache akashuka. Wala ukhalifa wake haukupungua kwa hayo.

Lakini liko neno zito, nalo yatupasa kulisema. Fudhaili bin Iyadhi amewafundisha watu kwamba kuacha amali kwa ajili ya watu nako ni ria. Basi mwenye kukataa kusimama asije akachekwa, asijihesabu kuwa ni mnyenyekevu. Amewapa watu nafasi ambayo si yao.

Ama dawa yake, sehemu kubwa imo ndani ya adabu za khutba zenyewe. Khatibu hupanda, akawaelekea watu akawatolea salamu, kisha huketi hata adhana ishe. Hapo hupata kuvuta pumzi. Mkono wa kushoto hushika fimbo au upanga, na wa kulia hushika mimbari. Hekima ya hayo Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi. Mimi nasema tu kwamba mikono iliyopewa kazi haitetemeki kama mikono mitupu. Wala si aibu kusoma katika karatasi. Khutba za Ibn Nubata, aliyekufa mwaka 374 wa Hijria, zimesomwa vitabuni na makhatibu karne kwa karne.

Mwingine huogopa kwa kuwa Kiarabu chake ni kidogo. Na ahifadhi nguzo, kisha mawaidha ayaseme kwa lugha wanayoifahamu watu. Marehemu Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa Sahifa mwaka 1930 na al-Islah mwaka 1932 kule Mombasa, aliwaandikia watu kwa Kiswahili, wala daraja yake ya elimu haikushuka.

Na nyinyi waalimu wa vyuo, mazoea haya ni amana mikononi mwenu. Mtoto na aadhini, kisha katika maulidi apewe mlango mmoja wa Barzanji asome; akikua asomeshe darsa baina ya magharibi na isha mbele ya watu watano. Mimbari ya Mtume ilikuwa na daraja tatu, naye alizipanda moja moja. Asiyepata kusema mbele ya watano, msikiti wa Mtoro uliojaa siku ya Ijumaa utamtisha, na ana udhuru.

Na khatibu aliye mzima asingoje kuugua. Wiki hii amchague kijana mmoja, amwandikie nguzo tano, na usiku wa kuamkia Ijumaa, watu wakiisha kutoka isha, ampandishe mimbarini msikiti ukiwa mtupu. Yeye mwenyewe aende akakae safu ya mwisho, amwambie kama sauti imefika.

Wallahu aalamu.