Mlevi Naye Ana Majeraha

Somo: Luka 10:25-37



Msamaria hakumhoji majeruhi kwa nini alipita peke yake njia ya Yeriko. Alimfunga majeraha, akamfikisha mahali pa kulala, akalipa, na akaahidi kurudi kulipia kitakachozidi. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alijibu kwa hadithi ya mtu anayeuguza mwenzake.

Sisi ndugu yetu mlevi tunamhoji kwanza. Jumapili anatubu kwa machozi, Jumanne anaonekana kilabuni, nasi tunakata shauri kwamba toba yake ilikuwa ya uongo. Huenda haikuwa ya uongo hata kidogo.

Pombe huamsha kemikali za ubongo, mojawapo ni dopamini, ambazo huufundisha ubongo kukitafuta tena kilicholeta raha. Mtu akinywa miaka na miaka, usukani huhamia kwenye sehemu za ubongo zinazoendesha mazoea. Hapo harufu ya gongo au siku ya mshahara tu hutosha kuivuta miguu kabla nia haijasema neno. Paulo, katika Warumi 7, analalamika kwamba hutenda lile asilolitaka. Mlevi huielewa sura hiyo kuliko wengi wetu.

Tena pombe huupoza ubongo, na ubongo wa mnywaji wa kila siku hujikaza kushindana nayo, kama watu wawili wanaosukumana mlangoni. Mmoja akiondoka ghafla, mwingine huanguka kwa kishindo: mikono hutetemeka, degedege huja, mtu huweweseka, na wengine hufa. Kwa hiyo, wachungaji wenzangu, tusimwapishe mnywaji wa kutwa aache leo hii bila kumfikisha kwa daktari.

Dawa zipo. Naltreksoni huzuia vipokezi vinavyoipa pombe utamu wake, na hamu hupungua. Akamprosati humsaidia aliyekwisha kuacha asirudie. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliziingiza zote mbili katika orodha yake ya dawa muhimu. Ipo pia disulfiramu, iliyoanza kutumika kwa walevi huko Denmark miaka ya 1940: mtu akinywa pombe baada ya kuimeza, uso huwaka, moyo humwenda mbio, hutapika. Mama, usimtilie mumeo dawa hiyo kwenye chai kwa siri. Inaweza kumuua. Dawa hizi hazimfai kila mtu. Daktari hupima kwanza, na zinahitaji kuandamana na ushauri nasaha.

Wapo watakaosema kwamba anayemeza kidonge hana imani. Mbona tunamwombea mgonjwa wa kisukari huku tukimkumbusha sindano yake? Wala dawa haimfutii mlevi wajibu wake. Ada ya watoto aliyoinywa ni deni, na machozi ya mkewe ni ya kweli. Dawa humpa nafasi ya kusimama na kuanza kulipa.

Wiki hii kila jumuiya imtafute mlevi mmoja. Msimkemee mbele za watu. Mwulizeni anaendeleaje, mchangieni nauli, na mmoja wenu afuatane naye hospitali, kisha aende naye tena siku ya marudio. Ombeni pamoja naye, asubuhi akiwa hajanywa. Na akianguka tena, mpelekeni tena.

Amina.